Namna ya Kuzungumza na Ofisa wa Maegesho, na Namna ya Kuupokea Wema Wake

Madereva wengi humwona ofisa wa maegesho kama mtu aliyetoka kuwinda, na mimi nilimwona hivyo kwa miaka mingi, hadi siku niliporudi mbio kutoka kliniki nilikompeleka mama yangu, nikamkuta ofisa amesimama kando ya gari langu, kifaa chake mkononi, wala haandiki chochote. Aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimelipia. Nilipomwonyesha risiti, aliweka kidole kwenye namba ya gari: nilipoiingiza kwenye mashine nilikuwa nimebadilisha nafasi za tarakimu mbili, hivyo gari lililolipiwa halikuwa langu. Alikuwa ameligundua kosa hilo kabla sijafika, kwa sababu katika orodha ya malipo aliona namba iliyokaribiana mno na yangu, akaona heri amsubiri mwenye gari.

Jambo la kwanza la kufahamu, na ndilo ninaloliona zito kuliko yote, ni kwamba uhuru wa ofisa una mpaka. Kabla hajaitoa tiketi ya faini anaweza kusubiri, kuuliza au kukuelekeza, lakini mahali pengi, tiketi ikishatoka, saa, namba ya gari na picha huwa zimekwisha kuingia kwenye mfumo ambao yeye hana ruhusa ya kuufuta. Kumsihi baada ya hapo ni kumwomba kitu asicho nacho. Shauri lako linakuwa limehamia kwa wanaosikiliza pingamizi.

Ukimkuta bado hajaandika, mkaribie kwa mwendo wa kawaida, msalimie, kisha usimame mahali anapoweza kukuona bila kumzibia njia. Mtu huyu hutukanwa mara nyingi kazini, na hatua zako za haraka na sauti ya juu humfanya ajihami kabla hujafungua mazungumzo. Sema ukweli kwa sentensi moja au mbili, kwa mfano kwamba umechelewa dakika nane kwa kuwa mgonjwa wako alikuwa bado ndani, kisha mwonyeshe ulicho nacho: risiti, kibali cha mlemavu ulichosahau kukiweka kwenye kioo, au hati ya mzigo unaoupakua. Hadithi ndefu haisaidii. Kinachosaidia ni kumwambia kuwa uko tayari kuliondoa gari sasa hivi, kwa sababu nafasi ndiyo kiini cha kazi yake. Hata mita ya kwanza ya maegesho, yaani mashine ya kulipia muda wa kuegesha, iliyosimikwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935, iliwekwa ili magari yasikae kutwa nzima mbele ya maduka na kuwanyima wengine mahali pa kusimama.

Yapo makosa ambayo haifai kuyaombea huruma. Aliyeegesha kwenye nafasi ya walemavu, mbele ya bomba la zimamoto au juu ya kivuko cha waenda kwa miguu amemdhuru mtu ambaye hayupo kwenye mazungumzo hayo, na ofisa hana haki ya kusamehe kwa niaba yake. Kwa upande mwingine, kuna unafuu ambao ni haki yako kisheria: huko Uingereza (England), kwa mfano, tangu mwaka 2015 dereva aliyelipia kwenye maegesho ya halmashauri hupewa dakika 10 baada ya muda wake kwisha kabla ya kutozwa faini. Soma kanuni za mahali unapoegesha, ili ujue unapoomba hisani na unapodai haki.

Akikataa, usimhesabu kuwa katili. Muulize kwa adabu ni ushahidi gani unaofaa kuambatanishwa na pingamizi, kisha piga picha za kibao, mistari ya barabarani na mashine ya malipo kabla hujaondoka. Soma tiketi yenyewe pande zote mbili, kwa kuwa pingamizi huwa na muda maalumu, na mahali pengi kuilipa faini ni kuifunga kesi.

Akikubali, shukuru na uondoke papo hapo. Kutumia hisani hiyo kukamilisha shughuli nyingine ni kumfanya ajute. Usimpe fedha wala zawadi, hata kama unatoa kwa moyo safi, kwa sababu zawadi hiyo inaweza kuonekana kuwa rushwa na kumpotezea kazi.

Njia salama ya kumlipa ni barua kwa ofisi yake, nayo iandikwe kwa uangalifu: ukieleza kwamba alikusamehe kosa, huenda ukamponza badala ya kumsifu. Eleza mwenendo wake, yaani subira, heshima na namna alivyokuelekeza. Barua yangu ilikuwa na mistari sita tu. Niliandika tarehe, saa, jina la barabara na namba ya beji yake, nikasema kwamba alinionyesha kosa kwenye risiti yangu na kunisaidia kusahihisha namba ya gari kwenye mashine huku mama akitungoja, nikaituma jioni ileile, kabla sijaisahau namba ya beji.