Jinsi ya Kuzuia Mpira wa Silikoni Kung'ang'ania Kalibu ya Mifereji Midogo

Mpira wa silikoni aina ya PDMS, unaomiminwa ukiwa majimaji juu ya kalibu ili uchukue umbo la mifereji midogo, ukigoma kubanduka, hasara kubwa huwa ni kalibu yenyewe, kwa kuwa michoro yake hung'oka pamoja na mpira. Chanzo ni vikundi vya hidroksili (oksijeni na haidrojeni, OH) vilivyo juu ya uso wa kalibu ya silikoni ngumu (ile ya kutengenezea chipu, si mpira) au kioo, ambavyo mpira hushikamana navyo unapoiva kwa joto. Kwa hiyo uso huo sharti ufunikwe kwa silani yenye florini (kemikali inayojishika kwenye uso na kuufanya usinate) kabla ya kumimina chochote.

Safisha kalibu, ikaushe vizuri, kisha ipitishe kwenye plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme) kwa muda mfupi ili silani ipate pa kushika. Iweke ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa kisipitishe hewa) pamoja na kisahani chenye matone machache ya triklorosilani yenye florini (ndiyo silani yenyewe), mikrolita 20 hadi 50 zinatosha, kisha vuta hewa, funga vali na uiache kwa saa moja hivi. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kuvuta moshi, ukiwa umevaa miwani na glavu za nitrili, kwa sababu silani hiyo ikikutana na unyevu hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayounguza macho na koo.

Kwa walioko Mbeya, mambo mawili yanahitaji uangalifu wa pekee. Wakati wa mvua, unyevu hewani huifanya silani igandamane yenyewe kwa yenyewe na kuacha chembe nyeupe juu ya kalibu, hivyo chupa ifunguliwe kwa muda mfupi kabisa na kufungwa mara moja. Jambo la pili ni geji ya pampu. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 83, wakati Dar es Salaam ni karibu 101. Geji inayolinganisha na hewa ya nje haiwezi kuvuka 83 hata pampu ikiwa nzima kabisa. Angalia kama mshale umetulia, na kama unabaki palepale baada ya vali kufungwa.

Jaribu uso kwa tone la maji: likisimama kama shanga na kuteleza ukiinamisha kalibu, uso uko tayari, likitandazika, rudia. Mpira wa kwanza utupwe, kwa kuwa huondoka na silani iliyozidi. Kila mpira uivishe kwa nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi kwa saa kadhaa badala ya kuharakisha kwa joto kali, uache upoe, ukate pembeni kwa wembe, na ukikaza dondosha isopropanoli ukingoni kisha ubandue taratibu kufuata urefu wa mifereji.

Kalibu ya resini iliyochapwa kwa printa ya 3D ina tatizo tofauti: mabaki ya resini huzuia kichocheo cha platinamu kinachouivisha mpira, na mpira hubaki unanata kama gundi. Ioshe kwa isopropanoli, iangazie kwa mwanga wa urujuanimno, kisha ioke kabla ya kuipaka silani. Glavu za lateksi nazo huleta madhara hayohayo kwa sababu ya salfa iliyomo.

Desiketa ya silani isitumike kamwe kutolea viputo vya mpira utakaounganishwa na kioo, kwani mabaki yake huufanya ukatae kushika.