Flashi imebuti, seva haikubali: namna ya kuingia kwenye mtandao kabla ya kushusha imeji

Saa nne usiku kijana niliyemfundisha kazi alinipigia kutoka shule moja ya sekondari huku juu ya Moshi. Alikuwa na kompyuta 24 za mtumba zilizonunuliwa Arusha, flashi moja ya WinPE (Windows ndogo inayobuti kutoka flashi, ya kufanyia matengenezo), na imeji iliyokamilika, yaani nakala ya Windows nzima pamoja na programu zake, kwenye laptop aliyoifanya seva. "Shikamoo kaka. Seva inakataa neno la siri. Nimeliandika mara sita."

Nikamwuliza namba ya kosa. Alikuwa ameshaifuta skrini. Alipojaribu tena akanisomea: 53.

Kosa 53 halihusiani na neno la siri hata kidogo. Maana yake ni kwamba kompyuta haikuiona njia ya kufika kwa seva. Lakini ukiandika amri ya `net use` ukaweka alama ya nyota mwishoni, Windows hukuuliza neno la siri kwanza, ndipo inapoanza kuitafuta seva. Kwa hiyo kuulizwa neno la siri si ushahidi kwamba umefika mlangoni. Mafundi wengi hupoteza usiku mzima hapo, wanabadilisha maneno ya siri ya seva ambayo haijawahi hata kusikia hodi yao.

Mwongozo huu unapanda kutoka chini: waya, draiva, anwani, njia, akaunti, saa. Usiruke.

Mfano nitakaoutumia: seva ina anwani 192.168.1.10, folda iliyowekwa wazi kwa mtandao inaitwa `imeji`, akaunti inaitwa `fundi`, na jina la kompyuta ya seva ni `SEVA`. Amri yenyewe ni hii:

`net use Z: \\192.168.1.10\imeji /user:SEVA\fundi *`

Hatua ya 1: Andika namba ya kosa kwenye karatasi

Hili nalisisitiza kuliko yote. Piga picha kwa simu kama huna kalamu. Namba utakazokutana nazo mara nyingi ni hizi. 53, njia ya kwenda kwa seva haionekani. 67, seva imeonekana lakini jina la folda si sahihi. 86 na 1326, hapa sasa ndipo jina au neno la siri lina tatizo. 5, umetambuliwa ila huna ruhusa. 1219, tayari una muunganisho mwingine na seva hiyohiyo kwa jina tofauti. Uondoe kwa `net use * /delete` kisha uanze upya. 1272, unajaribu kuingia kama mgeni asiye na akaunti na Windows imekataa. 1909, akaunti imefungwa kwa sababu neno la siri limekosewa mara nyingi mno, na hiyo ndiyo zawadi ya kujaribu tena na tena bila kusoma.

Hatua ya 2: Waya

WinPE ya kawaida haina Wi-Fi, kwa hiyo lazima kebo. Taa ya mlango wa mtandao nyuma ya kompyuta iwake. Isipowaka, badilisha kebo, halafu tundu la swichi. Dakika mbili zinatosha.

Hatua ya 3: Draiva ya kadi ya mtandao

Andika `ipconfig`. Kama inatoa kichwa cha habari tu na chini yake hakuna kitu, WinPE haiijui kadi yako ya mtandao. Taa za nyuma zinaweza kuwa zinawaka vizuri kabisa na bado draiva haipo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kosa 53 kwenye kompyuta mpya kuliko flashi yako. Mchanganyiko wa maabara zetu nao unachangia: kompyuta kumi za aina moja zinakubali, ya kumi na moja inagoma kwa sababu kadi yake ni nyingine.

Usikisie draiva. Kama kompyuta bado ina Windows, iwashe kawaida, fungua orodha ya vifaa, nenda kwenye sifa za kadi ya mtandao na usome namba yake ya utambulisho. Ikianza na VEN_10EC ni Realtek, VEN_8086 ni Intel. Sehemu ya DEV inayofuata ndiyo inayokuambia ni kadi gani hasa. Kama diski ni tupu, ukiwa ndani ya WinPE fungua faili hili, vifaa vilivyoonekana vimeandikwa humo:

`notepad X:\Windows\inf\setupapi.dev.log`

Ukishapakua draiva, hakikisha una faili lenye kiishio cha .inf. Faili la .exe halitasaidia mpaka ulifungue na kutoa vilivyomo. WinPE ya biti 64 inataka draiva ya biti 64. Kisha jaribu papo hapo, bila kutengeneza flashi upya:

`drvload D:\draiva\kadi.inf`
`wpeinit`
`ipconfig`

Herufi ya flashi inaweza isiwe D, ihakikishe kwanza. Ikikubali, itie draiva hiyo ndani ya boot.wim, faili lenye WinPE yenyewe kwenye flashi, usije ukarudia kazi hii kwa kila kompyuta. Hii unaifanya kwenye laptop yako, kwa ruhusa za msimamizi:

`dism /mount-image /imagefile:C:\pe\boot.wim /index:1 /mountdir:C:\pe\wazi`
`dism /image:C:\pe\wazi /add-driver /driver:C:\pe\draiva /recurse`
`dism /unmount-image /mountdir:C:\pe\wazi /commit`

Ukiweka `/discard` badala ya `/commit` kazi yote inapotea. Mimi nina folda ya draiva za kadi za mtandao tu, nimezikusanya kompyuta moja baada ya nyingine, na kila ninaporudi kutoka kazini naongeza iliyonisumbua siku hiyo. Ukianza kazi hii leo, anza na folda hiyo.

Hatua ya 4: Anwani

Kama `ipconfig` inaonyesha anwani inayoanza na 169.254, kadi inafanya kazi lakini hakuna aliyeigawia anwani. Kwenye maabara yenye swichi peke yake bila ruta, hilo ni la kutarajia. Jipe anwani mwenyewe:

`netsh interface ipv4 set address name="Ethernet" static 192.168.1.77 255.255.255.0`

Jina la kadi huenda si Ethernet. `Netsh interface show interface` itakuambia. Na usimpe mwenzako anwani hiyohiyo ya 77.

Kuna hali moja inayochanganya: ruta ipo, inagawa anwani kwa kila mtu, ila kompyuta iliyobuti kwa flashi inapata 169.254. Kama shule au ofisi ina swichi kubwa inayosimamiwa, swichi ya namna hiyo inaweza kuuzuia mlango uliowaka sasa hivi kwa takriban sekunde 30 ikihakikisha mtandao haujajizungusha. WinPE inaomba anwani ndani ya muda huo, inakosa, inakata tamaa. Subiri nusu dakika kisha andika `ipconfig /renew`. Ikipata, umejua ugonjwa. Mwombe msimamizi wa swichi aweke milango ya maabara kuwa ya vifaa vya mwisho, au uchomeke kiswichi kidogo cha kawaida katikati ili mlango wa swichi kubwa usizimike kila kompyuta inapowashwa upya.

Hatua ya 5: Fika mlangoni

Tumia anwani ya namba, usitumie jina la seva, mpaka kazi ikubali. Majina yanahitaji kitu cha kuyatafsiri na mara nyingi maabara haina.

`ping 192.168.1.10`

Ikijibu, vizuri. Isipojibu, usihukumu bado, maana faiawoli ya Windows inaweza kukataa kujibu ping. Chomoa ile kebo kwenye kompyuta inayogoma, ichomeke kwenye laptop yako nyingine yenye Windows kamili, fungua PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445`

Bandari 445 ndiyo mlango wa mafaili. Ikikataa hata kwa laptop nzima, tatizo liko kwa seva, acha kuihangaisha flashi. Kwa kijana wangu ilikuwa hapa: laptop aliyoifanya seva ilipochomekwa kwenye swichi ngeni, Windows iliuchukulia mtandao huo kuwa wa hadharani, ikafunga mlango wa mafaili. Aliubadilisha kuwa mtandao wa binafsi, akaruhusu kushirikisha mafaili. Kosa 53 likaondoka, likaja 1326. Alisikitika, mimi nilifurahi, kwa sababu sasa seva ilikuwa inamjibu.

Hatua ya 6: Akaunti

Sasa ndiyo zamu ya neno la siri. Vitu vinne hukamata watu.

Cha kwanza ni PIN. Mtu anafungua laptop yake kila siku kwa tarakimu nne, anadhani hilo ndilo neno la siri. PIN inafungua kifaa kilekile tu, haipiti kwenye mtandao. Tengeneza akaunti ya kazi hii peke yake, kwenye seva:

`net user fundi * /add`
`net share imeji=D:\Imeji /grant:fundi,read`
`icacls D:\Imeji /grant fundi:(OI)(CI)RX`

Hizo mbili za mwisho ni milango miwili tofauti, na ruhusa ndogo kati ya hizo mbili ndiyo inayoshika. Ukifungua mmoja ukausahau wa pili utakutana na kosa 5. Nimeweka kusoma tu kwa sababu kushusha imeji hakuhitaji kuandika. Kama unanasa imeji kutoka kompyuta ya mfano kwenda kwa seva, weka `change` kwenye share na `M` kwenye icacls, ukimaliza urudishe.

Cha pili, akaunti isiyo na neno la siri. Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti tupu kuingia kwa mtandao; utapata 1327. Weka neno.

Cha tatu, jina pungufu. Ukiandika `fundi` peke yake, unaiachia Windows ikisie akaunti hiyo ni ya nani. Andika `SEVA\fundi`, au jina la domeni kama seva iko kwenye domeni, yaani mtandao ambao akaunti zote zinasimamiwa na seva moja kuu.

Cha nne ni kibodi, na hiki kilituchukua saa nzima siku ile. Kompyuta zile zilikuwa zimetoka Uingereza. Kibodi ya Uingereza ina alama ya @ karibu na Enter, wakati WinPE iliyotengenezwa kwa Kiingereza cha Marekani inaamini @ iko juu ya 2. Unabonyeza @ iliyoandikwa, inaingia alama ya kunukuu, na kwa kuwa neno la siri halionekani unapoliandika, hutajua. Andika alama hizo kwenye skrini ya amri kwanza, uzione kwa macho. Zikitoka tofauti:

`wpeutil SetKeyboardLayout 0809:00000809`

Kisha fungua dirisha jipya la amri kwa `start cmd`, kwa sababu lililokuwa wazi halibadiliki. Au fanya ninavyofanya mimi: neno la siri refu la herufi na tarakimu tupu kwa akaunti hii ya muda, bila alama yoyote. Epuka pia y na z kama kompyuta imetoka Ujerumani, maana huko zimebadilishana nafasi.

Hatua ya 7: Saa

Kompyuta za mtumba nyingi zina betri iliyokufa kwenye mazabodi, na zikichomolewa umeme tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kwenye domeni, kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5. Kosa 1398 linasema hivyo waziwazi. Andika `date` na `time`, rekebisha, endelea. Betri ni CR2032, ibadilishe kabla ya kuikabidhi kompyuta, la sivyo mwalimu atakuita wiki ijayo.

Kama unatumia Clonezilla

Clonezilla ni programu ya bure ya Linux ya kunasa na kushusha imeji. Ngazi ni ileile, namba ndizo tofauti. Fungua laini ya amri ujaribu kwa mkono:

`sudo mount -t cifs //192.168.1.10/imeji /home/partimag -o username=fundi,vers=3.0`

Kosa 13 ni jina, neno la siri au ruhusa. Kosa 2 mara nyingi ni jina la folda. Kosa 112 husema seva imezima, na mtu anakimbilia kuangalia kama laptop imelala. Mara nyingi iko macho, ila pande mbili hazielewani toleo la SMB, lugha ambayo kompyuta hutumia kushirikishana mafaili. Badilisha `vers` kuwa 2.1 ujaribu.

Kuhusu SMB1

Ukiwa na flashi ya zamani, au kifaa cha kuhifadhia mafaili cha zamani, utakutana na kosa 384 au 64, na mtu atakushauri uwashe SMB1, toleo la kwanza kabisa la SMB, kwenye seva. Nakuomba usikubali. Kirusi cha WannaCry kilichoenea duniani Mei 2017 kilipita kwenye udhaifu wa SMB1, na tangu toleo la 1709 la Windows 10 Microsoft haiiweki tena kwa kawaida. Seva ya shule ina matokeo ya wanafunzi na kumbukumbu za ada. Kutengeneza flashi mpya ya WinPE ni kazi ya saa moja, fanya hiyo. Vilevile kosa 1272: dawa yake ni kuweka akaunti yenye neno la siri, wala usilegeze sera ili wageni waingie.

Ukishaingia

`dir Z:` ikionyesha faili lako la imeji, na sehemu za diski umeshaziandaa kwa diskpart, amri ya kugawa diski (W ya Windows, S ya kubutia), endelea:

`dism /apply-image /imagefile:Z:\maabara.wim /index:1 /applydir:W:\`
`bcdboot W:\Windows /s S:`

Seva na swichi ziwe kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Ukitaka kurahisisha, unaweza kuandika amri ya `net use` ndani ya startnet.cmd, faili la amri ambalo WinPE huliendesha inapowaka, ili iende yenyewe. Ile nyota ibaki palepale, uandike neno la siri kwa mkono. Flashi husahaulika kwenye daladala, na neno lililoandikwa ndani yake litasomwa na yeyote atakayeiokota. Kompyuta ya mwisho ikishakamilika, rudi kwenye seva ufunge:

`net user fundi /active:no`
`net share imeji /delete`