Jiko la Nyumba ya Mkristo Kusini: Kupika kwa Kiasi, Kumpokea Jirani na Kusema Unachokiamini

Katika wilaya za Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea, mwaka wa jikoni hauanzi Januari. Unaanza pale fedha za korosho zinapoingia, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, baada ya chama cha msingi cha wakulima kupeleka mzigo ghalani na mnada kufanyika, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika Mtwara mwaka 2007. Fedha hizo huja kwa mkupuo, na njaa huja Februari na Machi, wakati mvua inanyesha na shamba bado halijatoa kitu. Mwanamke anayetaka nyumba yake ikae kikristo, mlango ukiwa wazi kwa jirani, na aanzie kwenye hesabu hiyo kabla hajagusa sufuria.

Kaa na mwenzako siku ile ile fedha zilipopokelewa, kabla hamjapita dukani, mtenge sadaka, ada na chakula cha miezi mitano. Usisubiri fedha ziombewe baraka baada ya kubaki nusu. Katika fungu la chakula nunua kwanza vitu visivyoharibika upesi, yaani makopa (vipande vya muhogo uliokaushwa), karanga, chumvi na mafuta. Mbaazi ni bora uwe umezihifadhi tangu Agosti au Septemba, zinapotoka shambani na bei ikiwa chini. Zianike juani hadi zikauke kabisa, uziache zipoe, kisha uzifunge kwenye ndoo kavu isiyopitisha hewa au kwenye mifuko ya tabaka tatu, kwa sababu wadudu wanaotoboa mbaazi wanahitaji hewa kama sisi. Wengi wetu tulijifunza kula mbaazi kwa wingi mwaka 2017, India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei huku kwetu ikaanguka. Wafanyabiashara hawakuzitaka, tukazipika.

Kuzipika kwa gharama ndogo kunataka maji na subira zaidi ya kuni. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka maji mapya na uchemshe ukiwa umefunika hadi ziive, bila chumvi. Nazi moja inawatosha watu sita ukiikamua mara tatu: tui la kwanza, zito, liweke kando, la pili na la tatu ndiyo ya kupikia mbaazi pamoja na kitunguu na nyanya. Tui zito linaingia mwishoni kabisa, na chumvi nayo wakati huo; koroga bila kuacha na uipue mara linapoanza kutokota, usije ukalikata. Machicha yaliyobaki wape kuku. Bwana alipowalisha watu wengi aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe kisipotee kitu, jambo lililoandikwa katika Yohana 6:12, na mimi huisoma aya hiyo kama agizo la jikoni.

Kwenye muhogo sina mzaha. Aina chungu, ambayo wakulima wetu huipenda kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaishambulii sana, ina sumu inayozaa sianidi, na mwaka wa ukame sumu hiyo huongezeka huku watu wenye njaa wakifupisha muda wa kuianika. Mwaka 2002 na 2003 mkoa wa Mtwara ulipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa pale mlo unapokosa protini. Kwa hiyo usipike unga wa makopa yaliyokaushwa haraka bila kuusafisha tena. Ipo njia iliyobuniwa na watafiti wa Australia wakiongozwa na Howard Bradbury, na haihitaji kifaa chochote. Tia unga kwenye bakuli, weka alama mahali ulipofika, kisha ongeza maji huku ukichanganya; unga utashuka kwanza, halafu utapanda, nawe utaacha kuongeza maji utakapofika tena kwenye ile alama. Tandaza mchanganyiko kwenye mkeka au ungo safi, unene usizidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili sianidi itoke hewani. Songa ugali siku hiyo hiyo. Kisamvu nacho kitwange vizuri kwenye kinu, kisha kichemshe sufuria ikiwa wazi, wala usitie nazi au karanga kabla hakijachemka vya kutosha. Ugali wa namna hii ule pamoja na mbaazi, kunde au dagaa. Ugali na mlenda peke yake, siku baada ya siku, ndio mlo ninaouogopa.

Sasa nije kwa jirani. Ukristo wa Kusini una mizizi mirefu: Masasi ilipokea watumwa walioachiliwa huru pamoja na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1876, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Ndanda mwaka 1906. Hata hivyo wengi wa majirani zetu, na kwa wengine wetu hata shangazi na shemeji, ni Waislamu. Jiko likitaka kuwa la wote, hayo lazima yaonekane kwenye vyombo. Kama mumeo hula kitimoto, awe na sufuria yake, kisu chake na sahani yake, visivyochanganywa na vingine kamwe, na usimfiche mgeni akiuliza. Kuku wa sikukuu mwombe jirani Mwislamu amchinje kabla hujaanza kupika, ili mezani pasiwe na mtu anayekula mchuzi wa macho tu. Kila unapopima unga ongeza kikombe kimoja cha mgeni. Asipokuja, kiporo hicho ni kifungua kinywa cha watoto asubuhi.

Kuhusu kusema imani yako, agizo la 1 Petro 3:15 ni kuwa tayari kumjibu anayeuliza, kwa upole na kwa hofu. Angalia kwamba aya inamtaja anayeuliza. Nilipokuwa mke mpya nilidhani mgeni aliyenawa mikono ni mkutano wa injili. Nilimhubiria mama mmoja wa jirani hadi ugali ukaota ngozi juu, akala matonge mawili kwa adabu, akaondoka, na miezi miwili ikapita bila kukanyaga uani kwangu, hata moto alikwenda kuomba nyumba ya tatu. Tangu hapo nafuata utaratibu mwingine. Sala ya chakula iwe fupi na kwa sauti ya kawaida, kama inavyokuwa siku isiyo na mgeni. Usimpe mtu chakula kwa sharti la kusikiliza, wala usimkumbushe baadaye kwamba alikula kwako. Akiuliza kwa nini mnasamehe deni, au kwa nini hamchemshi gongo ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, ilhali ina fedha, mjibu kwa habari ya maisha yako mwenyewe na kwa jina la Yesu bila kulificha, sentensi tatu au nne, kisha mwulize yeye anaonaje, na usikilize hadi amalize. Dini yake usiiseme vibaya hata akiwa hayupo, maana watoto wako wanasikia na watoto hucheza pamoja.

Ramadhani ikifika, panga kazi ya jiko upya. Usimkaribishe jirani mchana kwa mazoea, na kukaanga samaki uani fanya jioni. Siku moja katika juma pika muhogo wa nazi au uji wa mtama wa kutosha, umpeleke mtoto nao nyumba ya pili kabla ya adhana ya magharibi. Siku ya Idi, ukialikwa nenda na ukae hadi mwisho. Bakuli lililokuja na pilau kutoka kwao halirudi tupu: lioshe, na kama nyumbani hakuna kitu kingine siku hiyo, tia mbaazi, hata zikiwa upawa mmoja, ulifunike kwa kawa na ulirudishe wewe mwenyewe.