Mafaili ya idara yasikae kwenye akaunti ya mtu

Jamani mnaosimamia mafaili ya idara au kikundi cha utafiti chuoni, hebu angalieni leo hii yale mafolda mnayotumia wote yako kwa nani. Kwenye Google Drive faili ulilotengeneza kwenye drive yako ni la akaunti yako hata kama umeshea na watu 50, na hata lile mwenzio alilotupia ndani ya folda yako ni la kwake siyo lako, sasa siku kamaliza chuo au kahamia kwingine akaunti inafutwa na data inaondoka nayo, ndo mnaanza kupigiana simu usiku. Waombeni watu wa IT wawafungulie drive ya pamoja, humo faili ni la kikundi, mtu akiondoka lenyewe linabaki. Kwa Microsoft ni hivyohivyo, OneDrive ni yako binafsi, ya kikundi wekeni SharePoint.

Mkishafunguliwa wekeni mameneja angalau wawili, wengine wapeni haki ya kuongeza na kuhariri bila kufuta, maana kwa Google kitu kikifutwa kinakaa kwenye takataka siku 30 basi. Na matokeo ya mitihani msiyaweke kwa linki ya kufunguliwa na yeyote, nawaomba sana, hizo linki zinatembea WhatsApp hadi kwa watu msiowajua. Mavideo ya mihadhara yaliyojirudia futeni, maana nafasi ina kikomo, tangu 2022 Google inavipa vyuo nafasi ya terabaiti (TB) 100 za msingi za kugawana chuo kizima.