Sema kwanza unachotaka tuone

Ndugu wapiga picha wa Goma, kabla ya kugusa vitufe vya kamera, taja kwa sentensi moja unachotaka tuone. Chukulia chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya magurudumu mawili, iliyobeba magunia ya makaa. Ukitaka mwendo, weka muda wa kamera kupokea mwanga uwe 1/30 ya sekunde, mfuate mwendeshaji kwa kamera: yeye ataonekana vizuri, barabara nyuma yake itavutika kama michirizi. Ukitaka misuli na jasho, weka 1/1000, kila kitu kitaganda. Zote mbili ni sahihi! Naona picha nyingi safi kabisa zisizosema kitu, na inaniuma, maana ufundi ule umejifunzwa kwa taabu. Mawe yetu meusi ya volkano nayo hudanganya kipimo cha mwanga cha kamera, yakatoka ya kijivu. Punguza mwanga kidogo, yabaki meusi.