Mkono ukifa ganzi: namna ya kutambua neva iliyobanwa

Neno "mshipa" linabeba mengi: mshipa wa damu, mshipa unaounganisha msuli na mfupa, na mshipa wa fahamu. Hapa tunazungumzia huo wa fahamu, yaani neva.

Anayeshusha chukudu (baiskeli ya mbao isiyo na pedali) ya viazi kutoka Kibumba hadi Goma, mashariki mwa Kongo, hukandamiza viganja kwenye usukani kwa muda mrefu. Jioni kidole kidogo kinakufa ganzi, naye anachua mkono mzima. Afadhali aanze kwa kuuliza: ni vidole gani hasa?

Uti wa mgongo hutoa jozi 31 za neva. Zile za mkono hutoka shingoni na juu ya kifua, hupita chini ya mtulinga na kwapani, kisha hugawanyika. Ndani ya neva moja kuna nyuzi za kuamrisha misuli na nyuzi za kurudisha habari za mguso, joto na maumivu, kwa hiyo ikibanwa ngozi hufa ganzi na baadaye misuli hulegea.

Fumba macho, mwenzako akuguse kwa pamba, vidole vya mikono yote miwili, ulinganishe.

Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, ni neva ya alna, ile inayokupiga kama umeme ukijigonga kiwiko. Gusa pande zote mbili za kidole cha pete: zikitofautiana, kosa si la shingo kwa kawaida, ni la neva yenyewe. Kisha gusa mgongo wa mkono upande wa kidole kidogo. Ukihisi vizuri, neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale panapokaa usukani. Usipohisi, angalia kiwiko, maana tawi la ngozi hiyo hujitenga kabla ya kifundo. Mwisho, bana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Ncha ya gumba ikijikunja, msuli umeshadhoofika.

Gumba, shahada na cha kati vikiwaka usiku, ni neva ya mediani. Kunja vifundo vya mikono kwa sekunde 60; ganzi ikirudi, ndiyo hiyo. Mkono ukining'inia usiweze kuinuka kwenye kifundo, ni ya radiali, mara nyingi baada ya kulalia mkono au kuegemea magongo kwapani.

Zungushia usukani kitambaa kinene, badilisha mshiko, usilale umekunja kiwiko. Usitumbukize mkono wenye ganzi kwenye maji moto: utaungua bila kujua.

Nenda kituo cha afya ganzi ikidumu mchana kutwa, nyama kati ya gumba na shahada ikibonyea, au ukiona baka la ngozi lisilohisi, kwani huenda ni ukoma, nao unatibika. Usingoje: uzi wa neva uliokatika huota tena karibu milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi vidoleni hiyo ni karibu mwaka mzima.