Kulinda data za majaribio ya dawa vijijini kwa blokicheni

Nianze na katazo: taarifa za mshiriki haziwekwi kwenye blokicheni (daftari la kidijitali ambalo nakala zake zipo kwenye kompyuta nyingi), hata ukizifunga kwa nywila. Kilichoandikwa humo hakifutiki, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa Tanzania inatambua kufutwa kwa taarifa zisizo sahihi. Kinachokwenda kule ni hashi tu, yaani herufi na tarakimu 64 ambazo kanuni ya kompyuta iitwayo SHA-256 huzitoa kutoka kwenye faili. Badili tarakimu moja ya presha ya mtu, hashi nzima inageuka.

Mimi hufanya kazi hii jioni, vishikwambi vya wahudumu vikishatuma fomu za ODK, programu ya kukusanyia data, kwenye seva. Napakua data hizo kama CSV, yaani faili la jedwali la maandishi matupu, na kuiacha ilivyo. Tafadhali, usiifungue kwa Excel ukaihifadhi upya! Excel hugeuza tarehe na kumeza sifuri za mwanzo kwenye namba za washiriki, nawe utajikuta umepiga muhuri wa muda, yaani umethibitisha, kitu ambacho hakikutoka kijijini.

Kisha andika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ots stamp data.csv

Hiyo ni OpenTimestamps, programu ya kupiga muhuri wa muda, haina malipo. Faili linabaki kwako. Hashi yake huchanganywa na za watu wengine na kuingizwa kwenye muamala mmoja wa blokicheni ya Bitcoin. Baada ya saa kadhaa, kamilisha uthibitisho kwa kuendesha:

ots upgrade data.csv.ots

Tunza faili hilo la .ots, ambalo ndilo uthibitisho wako, pamoja na CSV, na nakala ya vyote viwili apewe mtu asiyepokea amri kwako. Mimi humpa mfuatiliaji wa mdhamini.

Ukitaka kupeleka hashi ya mshiriki mmoja mmoja kwenye mtandao mwingine, ongeza kwanza herufi nyingi za kubahatisha, za siri. Umri, jinsia na jibu la mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ni mambo machache. Kompyuta itajaribu kila mchanganyiko mpaka impate.

Protokali na mpango wa uchambuzi navyo vipigwe muhuri kabla ya mshiriki wa kwanza, ili asiwepo wa kubadilisha lengo la utafiti matokeo yakishaonekana. 

Sasa, mhudumu akijaza fomu chini ya mwembe bila kufika kwa mshiriki, blokicheni itautunza uongo wake vizuri kabisa. Kwa hilo washa kumbukumbu za ukaguzi za ODK zenye muda na mahali, na msimamizi arudie kutembelea baadhi ya kaya bila taarifa.

Marekebisho halali yapo. Usiguse faili la zamani: toa jipya, andika sababu, lipige muhuri wake.